Vigingi vya Kanam na Mifupa Iliyogeuka Mawe



Katika ziara zetu upande wa Homa Hills tulikaa na kikundi kimoja cha akina mama mpaka jua likaelekea ziwani. Tulipomaliza kuhesabu pesa za meri-go-raundi na daftari likafungwa, mweka hazina alibaki nyuma. Akafungua fundo la leso, akatoa kitu cha rangi ya kahawia, akakiweka mezani. Kilikuwa jino. Lilikuwa kubwa kuliko la ng'ombe, na zito, maana lilikuwa limegeuka jiwe kabisa.

"Nililiokota korongoni tulipokuwa tukibeba mawe," akatuambia. "Kijana wa dukani anasema kuna watu mjini wanaonunua vitu hivi. Sasa nyinyi watu wa ofisi mnasemaje?"

Hatukuwa na jibu. Tuliona haya, na sababu yake afadhali tuitaje hapa mwanzoni kuliko mje kuisikia kwa wengine. Yale mawe kikundi kilikuwa kinayabeba kwa mpango wetu sisi. Tulikuwa tumefundisha kuziba makorongo: panga mawe, kaza kwa makonge, maji yapunguze mbio, udongo ubaki. Ni kazi nzuri na bado tunaiamini. Lakini mawe tuliyachukua chini mle mle korongoni kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza haya ni mawe gani. Kumbe mengine hayakuwa mawe tu.

Kwa hiyo tumeuliza, tumesoma, na tunawaletea tuliyoyapata. Yanahusu kila kikundi kinachochimba mchanga, maramu au mitaro kuanzia Kendu Bay mpaka Karungu.

Mfupa unageukaje jiwe?

Tukichinja mbuzi na kutupa mfupa nje ya boma, baada ya mwaka mmoja au miwili hauonekani. Mbwa, mchwa, jua na mvua vimeumaliza. Ili mfupa udumu ni lazima ufunikwe upesi, tena ufunikwe na udongo usioula.

Kwetu kazi hiyo ilifanywa na milima ya moto. Vilima vya Gwassi na Rangwa, pamoja na visiwa vya Rusinga na Mfangano, ni mabaki ya mlima mmoja mkubwa wa moto ambao wataalamu wanauita Kisingiri. Ulikuwa ukitema majivu miaka milioni 18 hivi iliyopita. Homa Hills ni mlima mwingine wa moto, mdogo wake kwa umri. Milima hii miwili ina jambo ambalo ni nadra duniani: majivu na mawe yake yana chokaa nyingi. Mawe ya aina hiyo huitwa kabonatiti. Mlima wa namna hiyo ambao bado unawaka ni mmoja tu duniani kote, nao ni Ol Doinyo Lengai kule Tanzania.

Chokaa hiyo ndiyo iliyotuhifadhia mifupa. Mnyama alikufa, majivu au tope la ziwa likamfunika, kisha maji yaliyobeba madini yakapenya kidogo kidogo ndani ya vitundu vya mfupa. Miaka ikapita mingi mno. Mwisho umbo likabaki la mfupa lakini uzito ukawa wa jiwe. Kitu kama hicho kwa Kiswahili cha vitabu huitwa kisukuku, na vikiwa vingi ni visukuku. Sisi hapa tutasema tu mifupa ya mawe, maana ndivyo akina mama wa korongoni walivyosema, na tulielewana.

Kuhusu hesabu ya miaka, tuseme hivi, kwa sababu "milioni" ni neno jepesi mdomoni. Tuchukue kila mwaka kuwa hatua moja ya mtu anayetembea. Kurudi nyuma hadi wajenzi wa kuta za Thimlich Ohinga kule Nyatike ni hatua 500 tu, kama kutoka nyumbani kwenda kisimani. Kuwafikia waliochonga mawe ya Nyayanga, ambao tutawaeleza hapa chini, itakubidi utembee kutoka Homa Bay hadi Mombasa na kurudi. Na kuwafikia wanyama wa Rusinga, hiyo safari ya Mombasa na kurudi uifanye kama mara saba.

Rusinga na Karungu

Rusinga watu wengi wanaijua kwa sababu ya kaburi la Tom Mboya. Wanasayansi wa dunia wanaijua kwa sababu ya fuvu. Mwaka 1948 Mary Leakey aliona meno yakichungulia mtelemkoni, na kazi ya kuunganisha vipande vipande ikatoa uso wa mnyama jamaa ya sokwe, asiye na mkia, aliyeishi kisiwani kabla hakijawa kisiwa. Kwa miaka mingi alijulikana kwa jina la Proconsul. Mwaka 2015 wataalamu walimpa jina jipya, Ekembo, na jina hilo limetoka katika lugha ya Kisuba. Kwa hiyo Wasuba, ambao hata watoto wao wengi leo wanaongea Kijaluo, wameingia katika vitabu vya sayansi kwa neno lao wenyewe.

Lakini hadithi ya Rusinga tunayoipenda sisi ni nyingine. Mwaka 1951 mtaalamu mmoja, Tom Whitworth, alichimbua mifupa mahali ambapo mwamba ulikuwa na umbo la duara kama shimo. Ilipelekwa, ikaandikwa, ikawekwa kwenye makabati. Karibu miaka thelathini baadaye, mwaka 1980, Martin Pickford alikuwa akipekua makabati ya makumbusho akaona kwamba vipande vilivyochanganywa na mifupa ya wanyama wengine vilikuwa vya yule yule Ekembo. Kwa kuwa mahali palikuwa pameandikwa, watu walirudi Rusinga, wakapata shimo lile lile, wakapata vipande vingine zaidi. Mkono ukapata vidole vyake. Tena wakagundua kwamba lile duara halikuwa shimo la kawaida. Lilikuwa shina la mti mkubwa wenye uwazi ndani, uliozikwa na majivu ukiwa umesimama. Mwaka 2014 utafiti mwingine ukaeleza juu ya visiki na mizizi ya msitu mzima pale Rusinga, vimegeuka mawe, pamoja na mabaki ya Ekembo juu ya ardhi ile ile. Ukisimama Rusinga leo, kwenye jua lile na miba ile, ni vigumu kuamini kulikuwa na msitu ambao nyani wangeweza kuuvuka bila kugusa chini. Ila visiki ndivyo hivyo.

Upande wa Migori, Karungu ilianza mapema kuliko kote. Watafuta madini wa wakati wa ukoloni waliona mifupa kwenye makorongo karibu na ziwa, na mwaka 1911 mnyama mmoja wa hapo akapewa jina kule Uingereza: jamaa ya tembo, mwenye pembe zilizotoka taya la chini na kupinda kuelekea ardhini kama jembe. Mwaka huo huo Felix Oswald akatumwa kuja kukusanya zaidi. Umri wa tabaka hizo unakaribiana na ule wa Rusinga. Wavuvi wa Sori wanaopita makorongo yale kila siku wangeshangaa kujua kwamba kijiji chao kilikuwa gazetini Ulaya kabla ya vita vya kwanza.

Mawe yaliyochongwa

Sasa turudi Homa Hills, pale jino lilipotoka. Hapa mifupa ni ya siku za karibu zaidi, na pamoja nayo kuna mawe yaliyoguswa na mkono.

Kanjera ni mahali pa miaka kama milioni mbili. Watafiti wamekuta huko mawe yaliyopasuliwa kwa makusudi na mifupa ya swala yenye alama za kukatwa. Waliotumia mawe hayo walikuwa wakirudi mahali pale pale tena na tena wakiwa na nyama. Mawe mengine hayakutoka pale. Yalibebwa kutoka mbali, kilomita kumi na zaidi, kwa sababu yalikuwa magumu na yalishika makali. Mama yeyote anayechagua jiwe la kusagia anaelewa jambo hili bila kuelezwa.

Nyayanga iko upande wa magharibi wa rasi hiyo, karibu na ufuo wenye jina hilo. Mwaka 2023 timu iliyoongozwa na Thomas Plummer pamoja na watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya ilichapisha habari zake, na dunia ikageuza shingo. Mawe 330 yaliyochongwa. Mifupa 1,776 ya wanyama. Viboko wasiopungua wawili waliokatwakatwa kwa vipande vya mawe. Umri wake ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, na mawe ya mtindo huu, ambao umepewa jina la Olduvai ya Tanzania, hayakuwa yamejulikana kuwa ya kale hivyo. Kulikuwa pia na meno mawili ya kiumbe mwenye magego makubwa aitwaye Paranthropus, ambaye si babu yetu bali ni kama ndugu wa babu. Je, ndiye aliyechonga mawe? Watafiti wenyewe hawajakata shauri. Mwaka 2025 wakaongeza kwamba hata pale Nyayanga mawe mengine yalibebwa hadi kilomita 13.

Watafiti hao walifikaje Nyayanga? Si kwa ramani ya ndege. Mtu wa hapo hapo, aliyekuwa akifanya nao kazi mahali pengine, ndiye aliyewaambia: nendeni mkaone korongo lile, kuna mifupa na mawe yanatoka. Basi. Wakaenda. Tukumbuke jambo hili tunapoingia katika hadithi ya Kanam, maana pale mambo yalikwenda kinyume.

Vigingi vya Kanam

Mwaka 1932 Louis Leakey alikuwa kijana wa miaka 28, mzaliwa wa Kabete, ametoka Cambridge. Alipiga kambi upande wa kaskazini wa Homa Hills, Kanam na Kanjera. Tarehe 29 Machi mmoja wa watu wake, Juma Gitau, alikuta kipande cha taya la mtu lenye meno. Leakey alisema lilitoka katika tabaka la kale sana, kwamba hapa Kanam alikuwa amepata mtu wa kwanza kabisa. Kwenye kidevu taya lilikuwa na uvimbe, na wataalamu walibishana juu ya ugonjwa huo kwa miaka. Lakini ubishi mkubwa ulikuwa mwingine: lilitoka wapi hasa?

Leakey alikuwa ameweka alama. Alipigilia vigingi vya chuma ardhini, akapiga picha, akaenda Uingereza na taya lake. Profesa mmoja wa jiolojia, Percy Boswell, hakuamini, akasema atakuja kuona kwa macho yake. Akaja mwaka 1935. Leakey akampeleka Kanam amwonyeshe mahali.

Vigingi havikuwepo.

Wavuvi walikuwa wameving'oa wakavifanya vyuma vya kuchomea samaki. Mvua za miaka mitatu zilikuwa zimekula kingo za korongo, na sura yake ilikuwa nyingine. Picha za Leakey mwenyewe zilikuwa zimeharibika ndani ya kamera, na moja aliyoitumia mahali pake ikaonekana ni ya sehemu tofauti kabisa. Boswell akarudi Uingereza akaandika katika jarida la Nature kwamba mahali hapajulikani, na kwa hiyo madai hayana msingi. Jina la Leakey likaharibika kwa miaka mingi. Lile taya lipo hata leo, lakini hakuna anayeweza kuapa kuhusu umri wake. Ni mfupa usio na kwao.

Tulisimulia habari hii katika mkutano wa wazee. Wengi walicheka, kisha mzee mmoja akauliza swali ambalo tumekaa nalo: "Jaduong' huyo Leakey aliwaambia watu zile chuma ni za nini?" Akaendelea, "Chuma kizuri kimesimama porini peke yake, na samaki yuko ziwani. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Hatuwezi kuwalaumu wale wavuvi. Kwa maoni yetu, kosa la Kanam si la wizi wa chuma. Ni kosa tunalolijua sana sisi watu wa miradi: mtu anakuja, anapima, anapigilia, anaondoka, na wenyeji hawajui alichopigilia ni nini. Pampu za visima zimekufa hivyo. Vigingi vya Kanam vingekaa mpaka leo kama wavuvi wangeelezwa kwamba jina la kijiji chao limefungwa pale. Nyayanga mwenyeji alikuwa ndani ya kazi, akasema, na mahali pakapatikana. Kanam wenyeji walikuwa nje, na mahali pakapotea.

Jambo la pili katika hadithi hii ni lile ambalo mama wa jino alikuwa hajaambiwa. Mfupa wa jiwe ukiondolewa mahali ulipolala umepoteza nusu ya maneno yake, na pengine zaidi ya nusu. Umri haupimwi kwenye mfupa wenyewe kwa urahisi. Unapimwa kwa majivu yaliyo juu na chini yake, kwa tabaka, kwa vitu vilivyolala nao pamoja. Shahidi hawezi kusema lolote la maana kama hakumbuki alisimama wapi. Ndiyo maana jino linalouzwa mjini, hata likiuzwa bei kubwa, limeshakuwa kitu cha kuweka juu ya kabati tu.

Mahali penye ulinzi na pasipo na ulinzi

Baadhi ya mahali petu pana kinga inayoonekana. Thimlich Ohinga, ingawa si ya mifupa, ni mahali pa mawe ambapo kila kikundi cha Migori kingefaa kupatembelea. Kuta zenye urefu wa mita 1.5 hadi 4.5 zilipangwa bila udongo wala saruji, jiwe likishikwa na jiwe, na milango ni ya chini mpaka uiname. Mwaka 2000 shirika la World Monuments Fund liliitaja kuwa mahali palipo hatarini. Ikakarabatiwa, na mwaka 2018 ikaingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, ya saba kwa Kenya. Ukuta wa aina hiyo ukitoa jiwe moja la chini kwenda kujengea jiko, mengine yanafuata.

Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay nayo ni hifadhi. Ni shimo la mlipuko lililojaa maji ya magadi, ya kijani, yasiyo na mto wa kutokea, na heroe huja kula humo. Wote mnaijua habari ya ajuza aliyefukuzwa karamuni, akakaribishwa na mwanamke mmoja tu, na usiku ule kijiji kikazama. Wazee na wanajiolojia hapa hawagombani sana. Wote wanasema ardhi ilifunguka ghafla. Wanagombana juu ya sababu.

Lakini makorongo mengi yenye mifupa hayana ua wala mlinzi. Yamo ndani ya mashamba yetu, ng'ombe wanapita, watoto wanacheza. Kinga yake ni sheria, na majirani.

Sheria yenyewe ni ile ya Majumba ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Inasema vitu vya kale vilivyolala ardhini ni mali ya serikali, hata kama shamba ni lako na hata kama mahali hapajatangazwa kwenye gazeti la serikali. Hairuhusiwi kuvichimba bila leseni, wala kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Anayekuta kitu anatakiwa kutoa habari kwa Makumbusho ya Taifa katika siku saba. Kwa upande wetu tawi la karibu ni Makumbusho ya Kisumu, na chifu anaweza kupeleka habari. Kwa hiyo kijana wa dukani na wateja wake wa mjini, wawaacheni. Anayekamatwa siku ya msako huwa ni yule mama mwenye leso, si mnunuzi.

Tunajua hofu iliyopo, maana inasemwa kwa sauti ya chini kila mahali: ukiripoti mfupa, shamba limekwenda. Tujibu bila kuficha. Kuripoti mfupa si kupoteza hati. Mara nyingi watu wa makumbusho huja, hupima, huchukua, huondoka. Mahali pakubwa panaweza kutangazwa kuwa pa kulindwa, na hapo ni kweli utawekewa mipaka juu ya kuchimba na kujenga. Tangazo hilo hutolewa wazi, na wenye pingamizi hupewa nafasi ya kuliandika. Kikundi chenye kumbukumbu za mikutano na ramani yake ya mkono husikilizwa kuliko mtu mmoja anayelalamika sokoni.

Na pesa? Hili ndilo swali la kwanza la vijana. Tusidanganyane. Hii si dhahabu ya Macalder. Watafiti huajiri watu wa kuchimba na kuchekecha, lakini kwa majuma machache, tena si kila mwaka. Watalii wanaofika ni wachache na barabara zetu mnazijua. Pale Mfangano watu wa Suba wamejitahidi na makumbusho yao ya jamii, pamoja na michoro ya kale ya miambani, na hiyo inafaa kuigwa kwa moyo wake kabla ya mapato yake. Yeyote anayewaahidi utajiri wa mifupa mwulizeni maswali mengi.

Kazi ya korongo

Sasa tuje kwenye kazi yetu. Mvua ndiyo inayotuonyesha mifupa, na mvua hiyo hiyo ndiyo inayoivunja. Jino lililochungulia mwezi wa nne, kufika mwezi wa kumi na moja limekwisha kuwa changarawe. Kwa hiyo hatuwezi kusema korongo liachwe liendelee kula mashamba kwa ajili ya sayansi, wala hatuwezi kuendelea kulijaza kama tulivyokuwa tukifanya.

Tumebadilisha mafundisho. Tunaanza juu, kabla maji hayajafika korongoni: mtaro wa kukinga maji, fanya juu kwa kufuata mkingamo, mistari ya nyasi. Kabla ya kuchimba mtaro wowote, kikundi kinapita pale kwa mguu, watu wamejipanga mstari, macho chini. Wakiona mfupa wa jiwe au mawe yenye makali yamelala pamoja, hawaokoti. Wanaweka fimbo pembeni, si juu yake, wanapiga picha kwa simu mara mbili, moja ya karibu ikiwa na sarafu kando ili ukubwa ujulikane, na moja ya mbali yenye mti au mwamba unaotambulika. Simu nyingi siku hizi zinaonyesha pia namba za mahali. Katibu anaandika daftarini. Kisha chifu anaambiwa, na watoto wa shule wanaambiwa vile vile, maana fimbo isiyoelezwa itakwenda na vigingi vya Kanam.

Na mawe ya kuzibia yasitoke sakafuni mwa korongo.

Lile jino tulilipeleka kwa njia ya chifu. Mtaalamu aliyelipokea hakuuliza kwanza ni la mnyama gani. Aliuliza, "Lilikuwa wapi?" Tukarudi korongoni naye pamoja na mweka hazina. Yule mama alitembea juu, akatembea chini. Alikumbuka mwiba mmoja na jiwe jeupe. Mwiba ulikuwepo. Jiwe jeupe tulilikuta katika ukuta wetu wa pili, limepangwa vizuri sana. Hakuweza kusema zaidi ya hapo, na mtaalamu akaandika alichoweza kuandika. Kuta mbili za juu tumeziacha kama zilivyo, kwa sababu kuzibomoa ni kuongeza uharibifu.

Kikundi kimekubali kuchukua mawe kwenye machimbo ya kando ya barabara, mwendo wa saa nzima. Wamekodi punda wawili kwa siku za Jumatano. Katika mkutano uliopita waliuliza pesa za punda zitatoka wapi, kwa kuwa mpango wa kwanza haukuwa na kifungu hicho. Ni swali la haki. Tumeliandika katika ripoti yetu na bado hatujapata jibu.